Ukiondoka Mezani, Aga

Wito huu ni kwa kila anayecheza michezo ya ubao mtandaoni kwa zamu. Ni kwako unayecheza chesi ya siku tatu kwa hatua, unayejenga miji ya Carcassonne na watu watatu ambao hujawahi kuwaona, au unayegombania Ulaya ya mwaka 1901 na wenzako sita katika Diplomacy. Ni kwako zaidi ikiwa sasa hivi, unaposoma, kuna mtu mahali fulani anayekusubiri. Na ni kwako pia unayesubiri, ambaye kila asubuhi hufungua simu na kukuta zamu imekaa palepale ilipokuwa juzi na juma lililopita.

Ninaloomba ni moja, na mengine yote yanatokana na hilo. Ukishindwa kuendelea na mchezo, usitoweke. Waage wenzako, wajue la kufanya. Na wewe unayengoja, mjulie mwenzako hali kabla ya kumhukumu, kisha kama hajibu, funga mchezo bila kinyongo.

Kucheza kwa kusubiriana kulikuwapo kabla ya intaneti. Mwaka 1824 klabu za chesi za London na Edinburgh zilianza kushindana kwa barua. Barua zilisafiri kwa magari ya farasi, na shindano likafika mwisho mwaka 1828. Edinburgh ikashinda, na ufunguzi mmoja uliotumika hapo ukabaki na jina la Uskoti katika vitabu vya chesi hadi leo. Allan Calhamer alipoitoa Diplomacy mwaka 1959, aliwakusudia watu saba waketi meza moja. Mwaka 1963 Mmarekani John Boardman akaanza kuiendesha kwa posta, maana kuwakusanya watu saba wenye nafasi ya siku nzima ni kazi popote pale. Mchezo ulidumu kwa sababu kila mtu aliamini kuwa barua ya mwenzake iko njiani.

Leo barua imekuwa arifa kwenye simu. Lichess, tovuti ya chesi iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis na isiyomtoza mtu hata senti, inakuruhusu kuchagua kuanzia siku 1 hadi siku 14 kwa kila hatua. Chess.com ina chesi yake ya kila siku. Board Game Arena, nayo iliyozaliwa Ufaransa mwaka huohuo wa 2010, ina mamia kwa mamia ya michezo ya ubao. Wajerumani wana tovuti ya Yucata, na wapenzi wa mchezo wa Go wana Online-Go.

Kwetu sisi, michezo hii ina thamani ya pekee. Mtu aliyeko Mombasa na mpwa wake aliyeko Toronto wametenganishwa na saa saba au nane, kutegemea msimu. Mmoja anapoamka, mwingine analala. Mchezo wa papo kwa papo unawataka wote wawili wawe macho, na intaneti isikatike kwa saa nzima. Mchezo wa zamu hautaki zaidi ya dakika chache na bando dogo: ukiwa kwenye foleni benki, ukisubiri daladala ijae, au usiku umeme unaporudi. Anayefanya kazi usiku Muscat anaweza kucheza na rafiki yake wa utotoni aliyebaki Unguja, miezi na miezi, bila hata siku moja kupatana saa ya kukutana. Kuna watu ambao salamu yao ya kila siku ni ile hatua moja ya chesi. Ndiyo maana mchezo unapokwama, kinachopotea kinaweza kuwa kikubwa kuliko alama.

Hebu tuutazame kwa karibu mchezo mmoja uliokwama. Carcassonne ina vigae 72, kimoja kikiwa tayari mezani mwanzoni. Wakicheza watu wanne, kila mmoja anapata zamu kama 18. Kila mchezaji ana watu saba wa mbao wa kuweka mijini, barabarani na mashambani, na aliyewekwa mjini harudi mkononi mpaka ukuta wa mji ufungwe au mchezo uishe. Sasa mchezaji wa tatu amenyamaza. Kigae chake kinamngoja akiweke. Wa kwanza amebakiza pembe moja tu kuufunga mji wake. Wa pili amemwacha mtu shambani, anapiga hesabu ya mwisho wa mchezo. Wa nne ameishiwa watu wote na anahitaji mji mmoja ufungwe ili apate hata mmoja wa kutumia. Wote watatu wana mipango, wana hamu, na hakuna hata mmoja anayeweza kufanya lolote. Baada ya juma moja, hamu imepoa. Baada ya mawili, hawakumbuki tena kwa nini yule mtu aliwekwa shambani. Hata mchezaji wa tatu akitolewa na mchezo ukaendelea, hesabu za waliobaki zimeshavurugika, kwa sababu kila mmoja alipanga akimhesabu na yeye.

Katika Diplomacy madhara ni makubwa zaidi. Aliyeshika Austria ana miji mitatu tu mwanzoni, Vienna, Budapest na Trieste, na amezungukwa na Italia, Urusi, Uturuki na Ujerumani. Asipotuma amri zake, majeshi yake husimama tu yalipo. Aliye karibu naye zaidi anaokota ardhi bila jasho, na aliyeko mbali, tuseme Uingereza au Ufaransa, anakuja kupambana na jitu lililonenepeshwa na utoro wa mtu mwingine. Saa kadhaa za kuandikiana, kupatana na kusalitiana zinaamuliwa na mtu ambaye hayupo. Mshindi mwenyewe hawezi kujivunia ushindi huo.

Chesi ni ya watu wawili, kwa hiyo madhara yanaonekana madogo. Lakini fanya hesabu. Mchezo wa hatua 40 kwa kila upande, kwa siku 14 kwa hatua, ukivutwa na pande zote mbili hadi mwisho wa muda, unachukua siku 1,120. Hiyo ni zaidi ya miaka mitatu. Kwa siku 3 kwa hatua, ni siku 240, yaani kama miezi minane. Wengi hatuchezi hivyo, tunajibu siku hiyohiyo. Lakini yupo ambaye alikuwa akijibu baada ya nusu saa, na siku mfalme wake alipokosa pa kukimbilia akaanza kuimaliza kila siku aliyo nayo. Kanuni inamruhusu. Mwenzake ndiye anayeadhibiwa, tena kwa kosa la kucheza vizuri.

Watu hukwama kwa sababu nyingi, na nyingi hazina ubaya. Mtu ameuguliwa. Kuna msiba. Simu imeibiwa, nywila imesahaulika. Mitihani imefika. Arifa zimezimwa na programu yenyewe, mwenye simu hana habari. Wengine walijiunga na michezo kumi na tano wikiendi moja ya mapumziko, Jumatatu kazi ikawameza. Wengine wanaona aibu: wamechelewa siku tano, wanaona vigumu kurudi bila maelezo, zikawa kumi, na kila siku inayopita inaufanya mlango uonekane mzito zaidi kuusukuma. Huyu wa mwisho ndiye ninayetaka kuzungumza naye kwanza.

Ndugu yangu, rudi tu. Hakuna anayehitaji hadithi ndefu. Andika: "Samahanini wenzangu, nilipata shughuli nyumbani. Sitaweza kuendelea, naomba mnitoe mwendelee." Au: "Nimerudi, nacheza leo. Ahsanteni kwa kuningoja." Hiyo ni mistari miwili, na wenzako wanafunguka. Wengi watakujibu pole, na mtaendelea kama kawaida. ICCF, shirikisho la kimataifa la chesi ya masafa lililoundwa mwaka 1951, lina kaulimbiu ya Kilatini isemayo "sisi ni marafiki", na kanuni zake zinamtofautisha anayejitoa kwa taarifa na anayejitoa kimyakimya. Kujitoa kimyakimya kuna adhabu yake. Walioandika kanuni hizo walijua kuwa maisha humpata kila mtu, na kwamba kinachouvunja ushirika ni kuwaacha wenzako gizani.

Kisha kuna mambo ya kufanya kabla hujafika huko.

Usijiunge na michezo mingi kuliko unayoweza kuihudumia siku yako mbaya kabisa. Ukiwa na michezo kumi ya siku moja kwa hatua, unaweza kudaiwa hata maamuzi kumi katika siku moja, ukiwa mzima au mgonjwa, bando lipo au halipo. Anza na mitatu. Ukiona mwezi umepita na hujachelewa hata mara moja, ongeza.

Chagua muda unaolingana na maisha yako halisi. Kwa mtu mwenye kazi na familia, siku tatu kwa hatua zinatosha kuruka wikiendi ya harusi au siku mbili za umeme kukatika. Michezo isiyo na ukomo wa muda iache kwa watu mnaojuana na mnaoweza kupigiana simu. Ukiufungua na mgeni, hakuna saa itakayoumaliza, na mmoja wenu akichoka mwingine atabaki akining'inia. Michezo mingi iliyokufa bila kuzikwa ni ya aina hiyo.

Ukijua unasafiri, jua tovuti yako inakupa nini. Chess.com na Online-Go zina utaratibu wa likizo unaosimamisha saa yako. Lichess haina, kwa hiyo huko ni lazima uchague siku za kutosha tangu mwanzo. Na hata pale likizo ilipo, mwambie mwenzako. Akiona saa yako imesimama bila neno, hajui kama uko njiani kwenda Tanga au umemkimbia.

Ukiona umeshindwa, kubali. Katika mchezo wa watu wawili, kukubali kushindwa mapema ni njia ya kumwambia mwenzako kuwa umeiona kazi yake. Wakiwa watatu au wanne, hali ni tofauti. Hapo kujitoa kwa sababu uko nyuma kunawaharibia waliobaki, maana zamu zako na mali zako mezani ni sehemu ya mizani yao. Hapo subira ndiyo heshima: cheza zamu zako upesi, vizuri kadiri unavyoweza, mpaka mwisho.

Sasa nigeuke kwako unayengoja.

Kwanza itazame saa. Ikiwa mlikubaliana siku tano na ni siku ya nne, mwenzako hana deni lolote kwako. Ana haki ya kuzitumia siku zake, labda anafikiri, labda anapika. Kumtumia ujumbe "cheza basi" kila baada ya saa tatu ni usumbufu, na umewafukuza watu wengi, hasa wanaoanza. Ukitaka kasi zaidi, tafuta mchezo wenye saa fupi zaidi.

Saa ikiisha, anza na salamu. "Habari za siku? Naona zamu imekaa kidogo. Uko salama?" Ujumbe huo hauna lawama, na unamfungulia mlango yule mwenye aibu. Ikiwa mwenzako hajui Kiswahili, maneno matatu ya upole kwa lugha yoyote mnayoelewana yatatosha. Unayemwona kama jina na picha ndogo pembeni mwa ubao huenda yuko hospitalini akimuuguza mama yake. Huwezi kujua, na huna haja ya kujua ili uwe mpole.

Mpe siku moja au mbili. Kisha, kama kimya ni kilekile, funga. Hapa naomba wapole wanisikilize vizuri, maana upole nao unaweza kukwamisha. Kwenye Board Game Arena, muda wa mtu ukiisha, wenzake ndio wanaopewa uwezo wa kumtoa. Wote wakioneana haya, kila mmoja akisubiri mwingine abonyeze, meza inakaa miezi. Wewe ukimvumilia mtoro, unawavumilisha na wengine wawili kwa nguvu. Utaratibu uliwekwa ili utumike. Mtoro huyo ataona alama yake ya uaminifu imeshuka kidogo, na akirudi anaweza kuipandisha tena kwa kumaliza michezo yake. Hujamfanyia ubaya.

Ipo njia nyingine ambayo watu husahau: kukubaliana wote kuuacha mchezo. Mkiwa bado mpo, lakini mmoja ana mtihani, mwingine amehama nyumba, na hakuna aliye na moyo nao tena, pendekezeni kuufunga kwa pamoja pale tovuti inaporuhusu. Mchezo ulioachwa kwa makubaliano hauachi uchungu, na mara nyingi watu walewale huanza mwingine miezi miwili baadaye.

Na ukipata ushindi wa saa, upokee kimya. Usiandike maneno ya kejeli kwenye ukurasa wa mtu. Aliyeshindwa kwa saa akirudi akakuta "pole, natumaini ni heri, tucheze tena ukipata nafasi", kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kumpata tena mezani kuliko akikuta matusi.

Neno la tatu ni kwa waandaaji: walimu wa klabu za shule, wenye makundi ya WhatsApp ya chesi, wanaoendesha ligi ndogo kati ya Nairobi, Arusha na Kampala. Ninyi mna uwezo ambao mchezaji mmoja mmoja hana. Semeni kanuni kabla ya hatua ya kwanza: siku ngapi kwa hatua, nani ataarifiwa mtu akipata dharura, na baada ya muda gani mchezo utafungwa. Waandikieni watu kanuni hiyo wazi, kwa Kiswahili chepesi, ili siku ya kufunga isionekane kuwa mmemchukia mtu. Kila mshiriki aache namba ya simu kwa mwandaaji, kwa sababu simu moja ya dakika moja hutatua jambo ambalo arifa ishirini hazikulitatua.

Na mwekeni mchezaji wa akiba. Kibarazani, anayecheza bao akiitwa nyumbani hainuki akaziacha kete mashimoni na kutokomea. Humwita aliyekuwa akitazama pembeni, humwachia nafasi, na mchezo unaendelea. Mtandaoni inawezekana vilevile. Katika tovuti za Diplomacy, nchi iliyotelekezwa huweza kuchukuliwa na mchezaji mwingine anayejitolea, na kuna wanaopenda kazi hiyo hasa kwa sababu ni ngumu. Katika ligi yako, wanafunzi wawili wa akiba wanaweza kuokoa msimu mzima.

Na ninyi mnaotengeneza programu hizi, wakiwemo vijana wetu wanaojifunza kuandika programu Dar es Salaam, Kigali na Mombasa, fikirieni kitufe kimoja chepesi: "Nahitaji siku zaidi." Mtu akibonyeza, wenzake wapate taarifa, basi. Mwenye aibu asiyeweza kuandika sentensi anaweza kubonyeza. Na kabla mtu hajajiunga na mchezo wa kumi, mwonyesheni tisa aliyo nayo.

Wapo watakaosema haya ni makubwa mno kwa jambo la burudani. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Burudani ya kusubiriana imejengwa juu ya kuaminiana na mtu usiyemwona, na anayezoea kuwaacha gizani watu asiowaona mtandaoni anajizoesha tabia isiyobaki mtandaoni. Anayezoea kuaga naye anajizoesha. Vijana wengi leo wanakutana na wageni wa mataifa mengine kwanza kwenye ubao wa aina hii. Uungwana watakaoonyeshwa hapo ndio watakaoupeleka kwingine.

Kwa hiyo naomba ufanye jambo hili leo, kabla hujalala. Fungua orodha ya michezo yako yote, kwenye kila tovuti, pamoja na ile uliyoisahau. Pale zamu ilipo kwako na bado una moyo wa kuendelea, cheza. Pale huna moyo au nafasi, andika mistari miwili, aga, ukubali kushindwa au uombe kutolewa. Pale zamu iko kwa mwenzako na muda wake umepita, msalimie, akijibu, subiri, asipojibu kwa siku mbili, funga. Kisha mwalike mtu mmoja katika mchezo mpya, wenye muda ambao nyote mnaumudu, na katika ujumbe wako wa kwanza mwambie: "Nikikwama nitakuambia, na wewe ukikwama niambie."